Kiwavi hana paspoti: kwa nini simu yako ya Golf inalindwa pia Lusaka na Arusha



Mimi ni mutu wa udongo na mbegu. Lisanse yangu ni ya kilimo, na wengi wenu mnanijua kwa maandiko yangu juu ya mahindi na chokaa. Basi mtashangaa kuona leo naongea juu ya usalama wa kompyuta na ushirikiano wa mataifa. Ngoja niwaambie ilianzia wapi.

Kwetu Golf, upande wa Météo, tuko na mama jirani mwenye anauza unga. Anaufuata Kasumbalesa, anauleta kwa gunia, anaupima kwa meka mbele ya nyumba yake. Tena ana shamba la hekta mbili kwenye barabara ya Kasenga. Kila mwaka, mwezi wa 10, ananiita tuhesabu mbolea pamoja. Mwaka jana tulihesabu gunia nane, nne kwa kila hekta, na usafiri: jumla dola 420. Makuta yote hayo yalikuwa ndani ya simu yake. Mimi njo nilimshauri hivyo. Nilimwambia: "Mama, usifiche tena makuta chini ya godoro. Weka kwa simu, iko salama."

Asubuhi moja akapata mesaji: kuna mutu amemtumia makuta. Dakika mbili nyuma simu ikalia. Sauti ya kijana, yenye heshima: "Mama, samahani, nilikosea namba. Sasa kuna kitu itatokea kwa simu yako, weka kode yako ya siri, makuta itanirudilia." Kitu kikatokea, mama akaweka kode. Kumbe mesaji ya kwanza ilikuwa ya uongo, haikutoka kwa kampuni. Na kile kilichotokea kwenye simu kilikuwa ombi la kutoa makuta yake kwenye kabine. Amelikubali yeye mwenyewe, kwa kidole chake.

Tulikwenda polisi. Ofisa alikuwa mutu mzuri, alituandikia karatasi. Lakini alipoona namba ya yule kijana akatikisa kichwa. Inaanza na 260. "Hii iko ya Zambia. Na makuta ilitoka kwa kabine ya Kasumbalesa. Sisi hapa tutafanya nini?"

Tukiwa njiani kurudi, mama aliniambia neno moja tu: "Mutoto, njo weye ulisema iko salama."

Sikuwa na jibu. Haya maandiko ni jibu langu, ijapokuwa limechelewa.

Tuanze na kiwavi

Wenzangu wa kilimo wanakumbuka. Mwanzoni mwa 2016, kiwavi kipya cha mahindi kutoka Amerika kilionekana mara ya kwanza Afrika, upande wa magharibi. Kufika mwisho wa mwaka ule ule, kilikuwa kimeshafika Zambia na kwetu. Nondo wake anaweza kuruka karibu kilomita 100 usiku mmoja. Kutoka Kasumbalesa kufika Lubumbashi ni kama kilomita 90. Maana yake: anakula bukari ya jioni kule, asubuhi eko huku. Hakuna mutu wa duane mwenye anamuomba paspoti.

Serikali ya Zambia ilipuliza dawa, hata ikatumia ndege za jeshi kuisafirisha. Lakini kama jirani hapulizi, nondo wanarudi. Ndiyo sababu mwezi wa 2, 2017, nchi za kusini mwa Afrika zilikutana Harare pamoja na FAO. Kila nchi ilipaswa kusema: nimekiona wapi, lini, dawa gani inafanya kazi. Nchi yenye kuficha ugonjwa wake inaharibu shamba la wote.

Wizi wa simu na kompyuta unafanana na hiyo. Mwizi anaweza kukaa Ndola, akatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mutu wa Likasi, akatoa makuta Kasumbalesa, na programu aliyotumia iko kwenye mashine ya Ulaya. Mpaka unawazuia polisi tu. Mnakumbuka mwezi wa 8, 2024, Zambia ilipofunga mpaka kwa siku chache sababu ya ugomvi wa bia na vinywaji? Malori yalisimama. Mesaji za wizi hazikusimama hata saa moja.

Ushirikiano maana yake nini kabisa?

Neno "ushirikiano wa kimataifa" linachosha. Mutu analisikia anaona wakubwa wamevaa tai ndani ya hoteli. Lakini ukilifungua, ndani kuna vitu vinne, na kila kimoja kilikosekana kwa kesi ya mama.

La kwanza ni sheria zenye kufanana. Nchi moja haiwezi kuomba nyingine ikamate mutu kama kile alichofanya si kosa kule. Tanzania iliweka sheria ya makosa ya mtandao mwaka 2015, Kenya 2018, Zambia ilitengeneza upya zake mwaka 2025. Kwetu tulingoja sana. Code du numérique, yaani kitabu cha sheria ya mambo yote ya kidijitali, ilitiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa 3, 2023. Inasema juu ya sahihi za kielektroniki, biashara ya mtandaoni, ulinzi wa habari za mutu binafsi, na adhabu za kuingia kwenye mashine ya wengine.

La pili ni saa. Alama za mwizi wa mtandao zinakauka haraka kama umande. Kampuni inaandika ni simu gani iliita, wakati gani, kutoka mnara gani, lakini haihifadhi kila kitu milele. Njia ya zamani ya mahakama ni barua: parke inaandika kwa wizara, wizara kwa balozi, balozi kwa wizara nyingine. Miezi inapita. Kwa hiyo mkataba wa Budapest wa 2001, ulioanzia Ulaya lakini ukaingiwa pia na nchi kama Mauritius, Senegal na Ghana, uliweka sharti moja la akili: kila nchi iwe na ofisi yenye kupokea simu mchana na usiku, siku saba. Ofisi ile inaweza kwanza kusema "mugandishe ushahidi, musifute", barua itafuata nyuma. Polisi wa dunia, Interpol, nao wako na ofisi ndani ya kila nchi mwanachama, yetu iko Kinshasa, na njia yao ya mawasiliano hailali.

La tatu ni kengele. Kila nchi inahitaji kikosi cha dharura cha kompyuta. Kazi yake si kukamata watu. Inafanana na kazi ya mtego wa nondo shambani: kuona mapema na kupasha jirani. Kama benki moja ya Nairobi inapata barua pepe yenye sumu asubuhi, kikosi cha Kenya kikiandikia kile cha Tanzania na cha Zambia saa ile ile, benki za kule zinafunga mlango kabla sumu haijafika. Kenya, Tanzania na Rwanda zimejenga upande huu vizuri. Kwa orodha ya mwaka 2024 ya shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, zote tatu zilikuwa kwenye kundi la juu kabisa duniani. Sisemi hivi kutuchekesha. Nasema kwamba mwalimu anapatikana jirani, na anasema Kiswahili.

La ine ni watu. Ofisa wa Lubumbashi mwenye kujua jina la mwenzake wa Ndola, na mwenye kufundishwa namna ya kushika simu kama ushahidi bila kuiharibu. Mikataba haipigi simu. Watu njo wanapiga.

Karatasi ziko. Miguu je?

Kwa karatasi, Afrika si maskini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubali mfumo wa sheria za mtandao tangu 2010. SADC ikatengeneza sheria ya mfano juu ya makosa ya kompyuta. Umoja wa Afrika ukakubali mkataba wa Malabo tarehe 27 mwezi wa 6, 2014, juu ya usalama wa mtandao na ulinzi wa habari za watu. Lakini mkataba ule ulihitaji nchi 15 ziuthibitishe ili uanze kufanya kazi. Unajua ulianza lini? Tarehe 8 mwezi wa 6, 2023. Miaka tisa kasoro siku chache. Mtoto aliyezaliwa siku ya Malabo alikuwa anajua kusoma na kutumia simu ya mama yake kabla mkataba haujaanza.

Sasa kuna na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na makosa ya mtandao. Ulikubaliwa New York tarehe 24 mwezi wa 12, 2024, na mwezi wa 10, 2025 nchi zaidi ya 60 zikatia sahihi kule Hanoi. Utaanza wakati nchi 40 zitauthibitisha.

Sisi wa Katanga tuko mahali pa ajabu. Congo iko SADC tangu miaka ya 1990, na tangu 2022 iko pia ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mguu mmoja Gaborone, mguu mwingine Arusha. Mutu mwenye kusimama kwenye mitumbwi miwili anaweza kuanguka majini. Lakini anaweza pia kuifunga pamoja, na sisi, wenye kuongea Kiswahili na wenye kununua unga Zambia, tuko kwenye kamba yenyewe.

Wakati inafanya kazi

Tusiseme kwamba yote ni maneno. Kutoka mwezi wa 9 mpaka wa 10, 2024, Interpol na Afripol waliongoza operesheni iliyoitwa Serengeti. Nchi 19 za Afrika zilishiriki, Congo yetu ndani, Zambia, Tanzania, Kenya na Rwanda pia. Watu 1,006 wakakamatwa. Walihesabu waliodhurika zaidi ya 35,000, na hasara karibu dola milioni 193. Mwaka 2025 wakarudilia: watu 1,209 wakakamatwa, na dola milioni 97 na zaidi zikapatikana. Humo ndani, Zambia peke yake ilivunja mtego wa uwekezaji wa uongo uliokuwa umekula watu 65,000, hasara karibu dola milioni 300. Watu waliona matangazo ya faida kubwa ya pesa za kidijitali, wakapakua programu, wakaweka makuta, basi.

Lakini kesi yenye ilinigusa zaidi ni ya mwezi wa 4, 2024, Lusaka. Polisi waliingia kwenye kampuni moja na kukamata watu 77. Ndani walikuta mashine za kuficha asili ya simu, na laini za simu zaidi ya 13,000. Kutoka pale walikuwa wanadanganya watu wa Singapore, Peru, Falme za Kiarabu na nchi nyingine za Afrika. Wachina 22 walihukumiwa, wengine mpaka miaka 11.

Na wale waliokuwa wanaandikiana na waathirika? Vijana wa Zambia, wa miaka 20 mpaka 25 hivi. Waliajiriwa kama watu wa kituo cha simu, wakapewa maneno ya kusoma.

Soma tena hiyo. Ni umri wetu. Ni watu wenye walitafuta kazi kama sisi tunavyotafuta. Vijana wengine wa Kenya na Uganda waliahidiwa kazi nzuri ya kompyuta huko Thailand, wakajikuta wamefungiwa Myanmar, wakilazimishwa kudanganya watu mtandaoni. Basi swali hili si la wazee wa unga tu. Mutu mwenye diplome bila kazi anaweza kuwa mwathirika wa mwizi, ao akawa mkono wake. Nilipokuwa natafuta kazi, mimi mwenyewe nilipokea barua ya "kampuni ya mgodi" ikiniomba dola 50 za dosie. Nilibakiza kidogo nilipe.

Tufungue macho

Sitaki niwauzie dawa bila kusoma karatasi iliyo ndani ya boksi. Kuna madhara tatu.

Kwanza, ulinzi wa mtandao unaweza kugeuka kufuli ya mdomo. Wote mnakumbuka tarehe 31 mwezi wa 12, 2018: uchaguzi umepita, intaneti ikakatwa nchi nzima, karibu wiki tatu. Na mwandishi wa habari Stanis Bujakera, aliyekamatwa mwezi wa 9, 2023 na kutoka gerezani mwezi wa 3, 2024, kati ya mashtaka yake mengine yalitegemea Code du numérique, sheria iliyokuwa na miezi sita tu. Panga ni lile lile: linakata magugu, linakata na mahindi. Kwa hiyo tukiomba sheria kali, tuombe pia mahakimu wanaoielewa.

Pili, msaidizi anaweza kuwa na ufunguo wa pili. Mwaka 2018 gazeti Le Monde la Ufaransa liliandika kwamba kwenye jengo la Umoja wa Afrika, Addis Ababa, jengo ambalo China ililitoa kama zawadi, habari zilikuwa zinatumwa kila usiku kwenda Shanghai, kwa miaka. China ilikana. Wafadhili wengine nao wako na masikio. Funzo si kukataa msaada. Funzo ni kuuliza: mashine ziko wapi, nani ana kode, na mwanafunzi wetu gani amefundishwa kuzitunza?

Tatu, kuaminiana. Namna gani Kinshasa na Kigali watapeana siri za usalama wakati Goma ilianguka mwezi wa 1, 2025 na vita haijazima? Ndani ya Jumuiya moja, majirani wawili wanashitakiana mbele ya dunia. Hiyo ni ukweli, na hakuna mkataba unaoifuta. Naona kwamba kule ambako siasa imefunga mlango mkubwa, lazima tuanze na madirisha madogo: Lubumbashi na Copperbelt, kampuni ya simu na kampuni ya simu, polisi wa Kasumbalesa ya huku na wa ile ya ng'ambo.

Na mwizi hatoki nje kila mara. Mwisho wa 2024 Uganda ilikubali kwamba akaunti za Benki Kuu yake ziliguswa. Magazeti yalisema ni wezi wa mbali. Mwaka uliofuata, maofisa wa Wizara ya Fedha wenyewe wakafikishwa mbele ya mahakama juu ya shilingi karibu bilioni 60 zilizotumwa Japani na Uingereza. Kesi ni ya mahakama. Lakini kila mkulima anajua: unajenga uzio mkubwa juu ya ng'ombe za jirani, kumbe panya eko ndani ya ghala.

Sisi tufanye nini?

Kuanzia leo, kwa nyumba zetu: kupokea makuta hakuombi kode ya siri. Hata siku moja.  Mfundishe mama, tate na mutoto wa kabine kwa maneno hayo tu. Mutu akisema amekosea namba, mwambie aende kwa kampuni yake, wao njo watarudisha. Ukiibiwa, ita kampuni yako kwanza, ndani ya dakika za kwanza, ndipo uende polisi. Na usifute mesaji hata moja, maana ile ndiyo ushahidi.

Kwa kazi: wenzetu wa informatiki na wa sheria, kuna shamba hapa ambalo halijalimwa. Vikosi vya dharura, ulinzi wa habari za watu, ushahidi wa kidijitali mbele ya mahakama: nchi itahitaji watu hawa, na wale wenye kujua Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza kidogo watakuwa daraja kati ya Kinshasa, Lusaka na Arusha. Sisi wa kilimo nasi tuko ndani. Orodha za wakulima, mbolea ya msaada na bei za soko zinahamia kwenye simu. Mwenye kuandikisha wakulima elfu moja bila kulinda majina na namba zao anawapangia wezi meza.

Na kwa chama chetu: tuombe jambo dogo lenye kupimika. Si "mkakati". Tuombe ofisi moja Lubumbashi ambapo mutu aliyeibiwa kwa namba ya 260 anaweza kufika, na mutu wa pale akawa na simu ya mwenzake wa Zambia. Ofisi moja, watu wawili, simu mbili.

Mama yetu hakupata makuta yake. Mwezi wa 11 tulipanda hekta moja tu, na nusu yake tuliweka mbolea ya kuku niliyoiomba kwa rafiki wa Kasapa. Nusu nyingine haikupata kitu, na kwa udongo wetu mwekundu wenye asidi mnajua mahindi yake yanafanana na nini. Tulipovuna, ile nusu ya pili haikufikisha hata gunia sita.

Amerudi chini ya godoro. Makuta yake, yaani. Nilipomuuliza lini atarudia kuweka kwa simu, alinijibu akiwa anapima meka, bila kuinua macho: "Siku utaniambia nani nitaita."